Maumivu ya Koo, Hadithi ya Umm Qays na Dozi ya Siku Kumi



Muhula huu darasa letu la Hadithi limefika Kitabu cha Tiba katika Sahihi ya Imam Bukhari. Humo kuna mlango mfupi sana ambao wengi tunaupita haraka ili tufike kwenye habbat sauda na asali. Ni mlango wa 'udhra. Neno hilo la Kiarabu wafafanuzi wamelieleza kuwa ni maumivu na uvimbe wa koo, mahali kilipo kilimi na pembeni yake, na watoto ndio walioupata zaidi.

Umm Qays binti Mihsan (r.a.), dada yake Ukkasha, alimleta mwanawe mdogo mbele ya Mtume (s.a.w.) akiwa ameshamminya kooni kwa sababu ya ugonjwa huo. Ndiyo iliyokuwa desturi ya akina mama wa zama zile. Mtoto akiumwa koo, mama huingiza kidole na kukandamiza palipovimba. Wafafanuzi wanataja pia kitambaa kilichosokotwa na kuingizwa puani mpaka damu itoke. Mtume (s.a.w.) hakuridhika. Aliuliza kwa nini wanawatesa watoto wao kwa kuwaminya namna ile, kisha akawaelekeza kwenye udi wa Kihindi, yaani qusti, ambayo mgonjwa wa 'udhra huvutishwa puani.

Darasani mjadala uliishia kwenye qusti: inauzwa wapi, ni ya rangi gani, inasagwaje. Mimi nilibaki na ile sehemu ya kwanza ya hadithi, kabla ya dawa kutajwa. Kulikuwa na matibabu yaliyozoeleka, yaliyofanywa na mama mwenye mapenzi kwa mwanawe, na Mtume (s.a.w.) akayakataa kwa sababu yanaumiza. Hakusema koo liachwe lipone lenyewe. Alikataza tiba mbaya na papo hapo akaelekeza iliyo bora.

Desturi ile haijaisha. Hapa Uganda, na kwa jirani zetu Tanzania, Kenya na Kongo, wapo watoto wanaopelekwa kwa fundi kukatwa kilimi kwa kisu au kwa waya kwa sababu wanakohoa au wanaumwa koo. Kilimi si ugonjwa. Kikikatwa, kinachofuata ni damu isiyokata, kidonda kuoza, na pepopunda au virusi vinavyobebwa na kisu kilichotumika kwa mtoto aliyetangulia. Ugonjwa wenyewe unabaki pale pale kooni. Nadhani mwanafunzi anayejua hadithi ya Umm Qays ana hoja nzito ya kumpelekea bibi yake nyumbani kuliko hoja yoyote ya bango la zahanati.

Sasa tuje kwenye koo lenyewe. Siwezi kudai kwamba 'udhra ya hadithi ni ugonjwa mmoja na huu ninaotaka kuueleza, maana neno hilo ni pana. Maumivu mengi ya koo yanaletwa na virusi, vile vile vinavyoleta mafua. Hayahitaji dawa ya kuua bakteria, wala dawa hiyo haiyasaidii. Lakini lipo kundi dogo linaloletwa na bakteria aitwaye streptokoki wa kundi A. Kwa watu wazima wanaokwenda hospitali kwa maumivu ya koo, ni kama 5 hadi 15 katika kila 100. Kwa watoto ni 20 hadi 30 katika kila 100, na walio hatarini zaidi ni wale wa miaka 5 hadi 15. Kumbuka umri huo, kwa sababu ndio umri wa watoto ambao wengi wetu tunawasomesha madrasa Jumamosi na Jumapili.

Utalijuaje koo la streptokoki? Huanza ghafla. Asubuhi mtu ni mzima, jioni hawezi kumeza mate. Joto hupanda, kichwa huuma, na kwa watoto tumbo nalo huuma na wengine hutapika. Ukimulika kwa tochi ya simu utaona tezi za koo zimevimba na kuwa nyekundu, mara nyingi zina madoa meupe au usaha. Ukigusa shingoni mbele, chini ya taya, matezi yameumuka na yanauma. Kingine cha kuangalia ni kile kisichokuwepo: hakuna kikohozi. Mwenye kikohozi, kamasi zinazotiririka, macho mekundu na sauti iliyokauka, huyo karibu kwa yakini ana virusi.

Mwaka 1981 daktari wa Kimarekani Robert Centor na wenzake walizipanga dalili nne ziwe kipimo cha kuhesabu kwa vidole: homa, usaha au uvimbe kwenye tezi za koo, matezi ya shingo yenye maumivu, na kutokuwa na kikohozi. Mwenye moja au hana hata moja haangaliwi zaidi kwa streptokoki. Lakini hata mwenye zote nne, nafasi ya kuwa na bakteria huyo ni kama nusu tu. Ndiyo maana palipo na uwezo mganga hupitisha kijiti chenye pamba juu ya tezi na kukipeleka maabara, au hutumia kipimo cha haraka kinachotoa jibu kwa dakika chache. Vituo vyetu vidogo vingi havina kipimo hicho. Hapo mganga hutumia dalili na umri. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 mwenye dalili hizo katika nchi zetu mara nyingi hutibiwa bila kusubiri maabara.

Kwa nini mtoto huyo hasubiriwi? Kwa sababu koo hili, hata lisipotibiwa, kwa kawaida hupoa lenyewe ndani ya wiki moja. Kupoa huko ndiko kunakodanganya. Wiki mbili au tatu baadaye, kwa baadhi ya watu, kinga ya mwili iliyoandaliwa kupigana na bakteria inageuka na kushambulia mwili wenyewe. Viungo vinavimba, na maumivu yanahama kutoka goti kwenda kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Viungo hupona. Moyo ndio usiosamehe. Milango ya moyo, ile inayofunguka na kufunga damu ipite upande mmoja, hupata makovu na kuanza kuvuja au kubana, na kila shambulio jipya huongeza kovu juu ya kovu.

Katika madrasa ninayosomesha wikendi kuna kijana wa miaka 11, hodari wa kuhifadhi. Mwaka jana alikosa Jumamosi tatu mfululizo. Mama yake alipokuja kuomba udhuru alisema, "Ustadhi, goti lilipopoa, mguu ukavimba. Tumepewa dawa ya malaria mara mbili." Nilimuuliza kama mtoto aliumwa chochote kabla ya hapo. Alifikiri kidogo, akasema hapana, koo tu, lakini hilo liliisha zamani. Walipofika hospitali ya rufaa, kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti kilionyesha mlango mmoja unavuja. Sasa anachomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne na ataendelea hivyo kwa miaka mingi. Anasoma vizuri bado, lakini katika sura ndefu anapumzika mahali ambapo hapana alama ya waqfu. Wenzake wanamcheka kidogo, nami nimewakataza.

Ile sindano ya kila wiki nne ina habari yake, na habari hiyo ni ya hapa hapa Uganda. Huko Gulu, kaskazini mwa nchi, watafiti walipima mioyo ya watoto zaidi ya 100,000 wakitafuta wale ambao ugonjwa umeanza kimyakimya bila dalili. Watoto 818 wa miaka 5 hadi 17 waligawanywa kwa kura: nusu wakapata sindano ya penisilini kila wiki nne kwa miaka 2, nusu wakafuatiliwa bila sindano. Mwisho wa miaka hiyo, waliozidiwa katika kundi la sindano walikuwa 3. Katika kundi la pili walikuwa 33. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida kubwa la tiba la Marekani na dunia nzima ikayasoma. Tumezoea kusoma utafiti wa wengine. Huu ni wa kwetu, na aliyesaidiwa kwanza ni mtoto wa kijiji cha Gulu.

Lakini bora ugonjwa usifike moyoni, na mlango wa kuuzuia ni koo. Hili lilithibitishwa zamani, katika kambi ya jeshi ya Warren huko Wyoming, Marekani. Askari vijana wa rika letu walikuwa wakiishi mabwenini, koo likiambukizana kitanda hadi kitanda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1950 yalionyesha kuwa waliotibiwa koo kwa penisilini waliikwepa homa ya baridi yabisi kwa kiasi kikubwa sana wakilinganishwa na wasiotibiwa. Baadaye ikaonekana kwamba hata dawa ikichelewa mpaka siku ya 9 tangu koo lianze kuuma, bado inakinga.

Siku 9 ni nafasi ya kutosha. Maana yake huhitaji kukimbilia duka la dawa saa nne usiku kununua vidonge vinne vya kukisia. Unaweza kupumzika siku moja au mbili, ukasukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, ukanywa parasetamoli, ukajitazama. Kikohozi na mafua vikija, basi ni virusi, shukuru. Dalili zile nne zikikaza, nenda kituo cha afya. Asiyesubiri hata siku moja ni yule asiyeweza kumeza mate yake, anayepumua kwa shida, asiyeweza kufungua mdomo, au ambaye sauti yake imekuwa kama ya mtu mwenye tonge la moto kinywani. Huyo huenda ana jipu nyuma ya tezi, na hospitali ni sasa hivi.

Dawa ni penisilini au ndugu yake amoksilini. Haijapata kuthibitishwa kwamba streptokoki wa kundi A amekuwa sugu kwa penisilini katika wagonjwa, na hili ni jambo la ajabu ukizingatia dawa yenyewe imetumika tangu miaka ya 1940. Mpangilio wa kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa siku 10. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake, na kipimo hicho ni kazi ya mganga. Anayejijua hawezi kumaliza siku 10 aombe sindano moja ya penisilini ya kukaa muda mrefu. Inauma kwelikweli, lakini inafanya kazi yote kwa siku moja. Mwenye mzio wa penisilini aseme mapema, apewe nyingine.

Ninaloliona hosteli ni tofauti kabisa. Mtu ananunua kotrimoksazoli, ile tunayoiita septrini, au tetrasaiklini ya rangi mbili, kwa sababu ni rahisi na alibakiwa nayo. Hizo hazimwondoi streptokoki kooni, wala haziukingi moyo. Mwingine anapata amoksilini sahihi, siku ya tatu anajisikia mzima, anamgawia mwenzake wa chumba zilizobaki. Kwa nia ya ukarimu wamekuwa wagonjwa wawili wenye nusu dozi. Siku tatu za mwanzo zinaondoa maumivu. Siku saba zilizobaki ndizo zinazomaliza bakteria kooni.

Wapo wanaoacha kapsuli katikati kwa shaka ya jelatini. Shaka hiyo naiheshimu, ila dawa yake ni kuuliza mwanzo. Penisilini ya kumeza ipo ya kidonge, amoksilini ipo ya kidonge cha kuyeyusha majini, na sindano haina ganda. Mwambie mfamasia unachotaka kabla hujalipa.

Na qusti? Ibn al-Qayyim alipoieleza hadithi hii katika Zad al-Ma'ad alitumia elimu ya waganga wa zama zake, akasema qusti ni kavu na hukaza panapolegea. Yaani mwanachuoni alichukua tiba bora iliyojulikana wakati wake ili kuifahamu Sunna. Sisi tukifanya kama yeye tutafika kwenye maabara na penisilini. Anayependa kutumia qusti kwa mapenzi ya Sunna, sina la kumzuia. Ila iwe pamoja na dozi, isiwe badala yake, kwa kuwa iliyothibitishwa kuukinga moyo ni penisilini.

Sasa suala la hukumu, maana hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya ndugu zangu. Utasikia ikisemwa kwamba kujitibu ni ruhusa tu, na mwenye imani kubwa huacha. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, Imam Nawawi aliona kujitibu ni sunna, na Mabedui walipomuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu aliwaambia wajitibu, kama alivyopokea Usama bin Sharik. Lakini maneno ya wanachuoni wa zamani kuhusu ruhusa yalihusu tiba ambayo matokeo yake yalikuwa ya kudhania. Mwaka 1992 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu la Jeddah, katika azimio lake la 67, liligawa hukumu ya matibabu kwa hali ya ugonjwa. Ni wajibu pale ambapo kuacha kunapelekea kufa, kupoteza kiungo au kulemaa, au pale ugonjwa unapoambukiza wengine. Inapendekezwa pale kuacha kunapodhoofisha mwili bila kufika huko. Ni mubaha pale pasipo na yote hayo. Na ni makuruhu pale tiba inapohofiwa kuleta madhara makubwa kuliko ugonjwa.

Liweke koo ndani ya mgawanyo huo. Koo la mafua ni mubaha. Chai ya tangawizi yatosha. Koo la streptokoki linaambukiza, na kwa mtoto linaweza kulemaza moyo, kwa hiyo naliona limeingia kwenye wajibu kwa milango miwili. Kukata kilimi kumeingia kwenye ile hukumu ya mwisho, na mimi naona hata neno makuruhu ni jepesi kwake. Huu ni uchambuzi wa mwanafunzi, si fatwa. Mwenye hoja zaidi atuandikie.

Ramadhani isiwe kisingizio cha kuacha dozi. Mara mbili kwa siku maana yake ni futari na daku, na siku 10 zinapita ukiwa umefunga. Sindano isiyo ya lishe haifunguzi, na kusukutua hakufunguzi maadamu hukumeza. Baraza hilo hilo lilipitisha hivyo mwaka 1997 katika azimio la 93. Mwenye homa kali ale, alipe siku nyingine. Hiyo ni ruhusa ya Mola wake iliyo wazi katika Suratul Baqara.

Kuhusu kuambukizana, bakteria huyu husafiri kwa matone ya chafya, kikohozi na mate. Tangu kumpata mpaka kuugua ni siku 2 hadi 5. Chanjo haijapatikana. Mgonjwa anapoanza antibayotiki, baada ya saa 24 huwa si hatari tena kwa wengine kwa kiasi kikubwa. Saa hizo 24 asali chumbani. Mgonjwa ana udhuru wa jamaa na hata wa Ijumaa, ambayo ataisali Adhuhuri rakaa nne, na kama Mtume (s.a.w.) alimtaka aliyekula kitunguu saumu ajitenge na msikiti kwa sababu ya harufu, mwenye maradhi ya kuambukiza ana sababu kubwa zaidi. Yeye pia alipopiga chafya alifunika uso kwa mkono au nguo na kuishusha sauti. Tuifanye hivyo, kisha tunawe mikono kabla ya kupeana salamu.

Kikombe kimoja cha plastiki kilichofungwa kamba kwenye pipa la maji ya kunywa msikitini, nadhani kila mmoja wetu anakijua. Kiondolewe, kila mtu aje na chupa yake. Miswaki isiazimwe, najua atatokea wa kutaja mswaki ambao Bibi Aisha (r.a.) alimlainishia Mtume (s.a.w.) katika maradhi yake ya mwisho, lakini ile ilikuwa nyumba ya mume na mke, si bweni la vijana 8.

Na kwa wanaosomesha madrasa: katika daftari la mahudhurio ongezeni safu moja ndogo ya sababu ya mtoto kutokuja. Akirudi baada ya koo, muulize mzazi kama dawa imefika siku 10. Mtoto ambaye mwezi huu safu inasema koo na mwezi ujao inasema miguu, au anayeanza kuhema akipanda ngazi za msikiti, mzazi wake aitwe siku hiyo hiyo, ampeleke hospitali yenye kipimo cha moyo, na huko ataje koo kwanza kabla ya kutaja miguu.